Uingereza iliingia Soko la Ulaya 1973, Hong Kong ikabaki inje: nani aliwasemea? (Watu wa Kasumbalesa, pale mpaka wa Kongo na Zambia, mupite hapa)

Deklara_Lshi

Jambo wote. Nimepita kwenye ule uzi mwingine munabishana eti EAC (Jumuiya ya Afrika Mashariki) ni faida ao hasara kwetu Kongo, kila mutu anatupa lake tu, nikasema ngoja nilete kisa ambacho hakigusi Kongo hata kidogo halafu muniambie.

Hong Kong. Mpaka 1997 ilikuwa koloni ya Waingereza, kisiwa walikipata na mkataba wa Nanking 1842, Kowloon 1860, halafu ile bara ya juu wakaikodi 1898 kwa miaka 99. Kazi yake zamani ilikuwa bandari ya kupitisha mali ya China. Vita ya Korea ikaja, 1951 UN ikafungia China mali nyingi, kupitisha kukakauka. Lakini matajiri wa viwanda vya pamba wa Shanghai walikuwa wameisha kukimbilia pale na makuta (pesa) yao na ujuzi wao, wakimbizi wanafurika wanatafuta kazi ya bei yoyote, basi wakaanza kusokota na kushona. Kufika miaka ya 60, karibu nusu ya mali ya viwanda vyao inayouzwa inje ni nyuzi, kitambaa na nguo.

Uingereza ilikuwa moja ya soko zao kubwa, juu tangu mapatano ya Ottawa ya 1932 mali ya makoloni ilikuwa inaingia London bila ushuru, almradi uonyeshe karatasi kwamba sehemu fulani ya gharama ya ile mali imetoka ndani ya himaya. (Sisi bamadeklara, wenye kujazia watu karatasi za duane, yaani forodha, tunazijua hizo karatasi, hazikuanza jana.)

Watu wa Lancashire, kwenye viwanda vya pamba vya Uingereza yenyewe, wakaanza kulia. 1958 Uingereza, ile iliyokuwa inavalisha dunia, ikajikuta inaingiza kitambaa cha pamba kingi kuliko inachouza. Na uchaguzi unakuja 1959. Kuweka kota (kiasi cha mwisho cha mali inayoruhusiwa kuingia) waziwazi juu ya koloni yako mwenyewe ni aibu, basi wakawabana wenye viwanda wa Hong Kong mpaka wakakubali kujipunguza "kwa hiari". Hiyo hiari ilianza Februari 1, 1959, ya miaka mitatu. Eti hiari.

Sasa 1961 waziri mkuu Macmillan anatangaza tunaomba kuingia Soko la Pamoja la Ulaya, anamtuma waziri wake Edward Heath Brussels. Ukiingia mule ushuru wa inje unakuwa mmoja kwa wote, maana yake shati ya Hong Kong iliyokuwa inaingia London bure itaanza kulipa, na ya Italia iliyokuwa inalipa itapita bure. London njo inasimamia koloni, London hiyo hiyo njo inaomba kiti. Mulifikiri wangeachia nini?

Nitaendelea, gari yangu inafunguliwa.

Kamalondo_Boy

Si koloni 😂 nani hajui. Endelea tu papa

Yaya_Bitenge

Kaka Deklara aksanti, lakini usikimbie. Hiyo Ulaya si ilikuwa na makoloni yake pia? Hayo mali yake ilikuwa inalipa?

Mzee_Likasi

Dada ameuliza penyewe. Niongeze kidogo, juu vijana munarukaka vitu.

Mkataba wa Roma, ule ulioanzisha lile Soko, ulitiwa sahihi Machi 25, 1957. Ndani yake kulikuwa na sehemu nzima ya nchi za ng'ambo zilizofungamanishwa na lile soko, na katika ile orodha muko Kongo ya Wabelgiji na Ruanda-Urundi, muko makoloni ya Wafaransa, Somalia ya Waitalia, Guinea Mpya ya Waholanzi. Ndiyo, sisi. Hatukuulizwa lakini tulikuwamo. Baada ya uhuru ile ikageuzwa kuwa mkataba wa Yaoundé, Julai 20, 1963, nchi 18 za Afrika pamoja na Madagascar ndani yake, Léopoldville (Kinshasa ya leo) ikasaini.

Kwa hiyo Heath alipofika Brussels alikuta mulango wa makoloni uko tayari. Waingereza wakapeleka orodha ya makoloni yao, wengine walisikilizwa vizuri tu. Hong Kong wakaambiwa hapana. Mulango ule ulitengenezwa kwa watu wanaouza shaba, kahawa, mawese, pamba mbichi. Hakuna kiwanda cha Ghent wala cha Lille kinaogopa mafuta ya mawese, kinayataka! Mimi nikikuletea pamba ya Lomami unanikaribisha, nikikuletea shati iliyokwisha kushonwa unaniita mwizi wa kazi. Hong Kong kosa lake lilikuwa hilo tu, ilikuwa koloni inayouza kitu kilichokamilika.

Na kitu kingine. Sisi Kongo tangu mkutano wa Berlin 1885 duane yetu ilikatazwa kupendelea mutu, Mubelgiji na Mujapani ni ushuru mmoja. Njo maana maduka ya Elisabethville (Lubumbashi ya leo) yalikuwa yamejaa kitambaa cha kila pande ya dunia, wakati Kalemie kulikuwa na kiwanda chetu Filtisaf kinasokota pamba. Hiyo ni hadithi ya siku ingine.

Kamalondo_Boy

Mzee weye uko na kichwa ya arshive 🙌

Deklara_Lshi

Nimerudi. Mzee amenipunguzia kazi, ile ya mulango njo yenyewe.

Bon, ile safari ya kwanza ilikufa. Januari 14, 1963 de Gaulle, rais wa Ufaransa, akasema hapana kwa Waingereza, Hong Kong wakapumua bila kufanya chochote. Lakini angalieni London iliwatendea nini hata ikiwa inje ya Ulaya. Oktoba 1964 Wilson anaingia kuwa waziri mkuu kule London, pesa za serikali zinakauka, anabandika 15% juu ya mali za viwanda zinazoingia, koloni ao siyo koloni. Novemba 1967 anashusha pauni, kutoka dola 2.80 mpaka 2.40. Sasa akiba ya Hong Kong ilikuwa imewekwa London, kwa pauni! Umelala tajiri, umeamka 14.3% haiko, na ile neno haukuulizwa. Hong Kong wakashusha dola yao nao, halafu siku chache tu wakaipandisha 10% juu waliona bei ya chakula itaruka. Na mwezi huo huo de Gaulle anakataa Waingereza mara ya pili.

Hapo Hong Kong wakaanza kuonyesha meno. Walikuwa kati ya wenye pauni nyingi kabisa duniani, wakianza kuziuza London inatetemeka. 1968 wakapata dhamana kwamba sehemu kubwa ya akiba yao italindwa kwa hesabu ya dola. Kwa hiyo msiseme koloni haikuwa na silaha, ilikuwa nayo, ila ilikuwa silaha ya benki, haikuweza kuilinda shati kule Brussels.

Safari ya tatu, 1970, Heath sasa njo waziri mkuu na de Gaulle ameisha kuondoka, Pompidou njo rais wa Ufaransa. Hapa kila nchi ya zamani ya Waingereza ilikuwa na ombi lake. New Zealand inalilia siagi na nyama ya kondoo. Visiwa vya sukari vinalilia sukari. Hong Kong inalilia nguo. Nani alipata nini?

New Zealand: siagi ilipiganiwa mpaka usiku, Luxembourg, Juni 1971, na ikapata masharti yake peke yake, iliandikwa mpaka protokali. Sukari: iliahidiwa, na baadaye ikaingia kwenye mkataba wa Lomé, uliofuata ule wa Yaoundé, 1975. Hong Kong: ule waraka mweupe wa serikali ya London wa Julai 1971 ulisema makoloni yatapewa ufungamano, isipokuwa Gibraltar ambayo ilikuwa na mpango wake, na Hong Kong. Ikabakishiwa ule mpango wa upendeleo kwa nchi zinazoendelea ambao Ulaya ilikuwa ndiyo imeuanza mwezi huo huo. Na mule ndani Hong Kong ilikubaliwa kwa mali ya viwanda, TOA nguo, TOA viatu. Ni kama kumukaribisha mutu kwenye karamu na kumwambia usiguse bukari (ugali) wala mboga.

Halafu Januari 1, 1972, mwaka mzima mbele ya kuingia Ulaya, London yenyewe ikaweka ushuru juu ya kitambaa cha pamba cha Commonwealth, kama 15%, na kota ikaiacha pale pale. Hiyo haikuwa Brussels jamani. Hiyo ni Lancashire.

Hapa njo ninafika kwenye neno langu. Watu wanahadithia kisa hiki eti serikali ilikuwa katikati, huku koloni, huku Ulaya, inapima mizani maskini. Uongo. Serikali ilikuwa na wagonjwa wake nyumbani, na Brussels ikikataa shati ya Hong Kong, kuna watu wa pamba kule Manchester wanafurahi. Ukimtuma mutu akuombee kitu ambacho yeye mwenyewe kinamuuma, ataomba kwa sauti ya chini.

Yaya_Bitenge

Eee hiyo ya sauti ya chini nimeielewa vizuri sana.

Lakini siagi? New Zealand iko mbali kuliko Hong Kong. Bale balikuwa na nini?

Deklara_Lshi

Yaya, New Zealand ilikuwa nchi kamili, na waziri wake mwenyewe anafika London na Brussels anapiga meza. Halafu wabunge wa Uingereza walikuwa wanawahesabu kama ndugu, watoto wao walikufa pamoja kwenye vita mbili. Kuna wabunge wangekataa mkataba wote juu ya siagi. Hakuna hata mumoja angekataa mkataba juu ya shati ya Hong Kong, wale wa Lancashire wangepiga makofi. Gavana wa Hong Kong anatumwa kutoka London, wananchi hawamuchagui, na Beijing iko pale inaangalia, kwa hiyo hata ile njia ya kusema "basi tupeni uhuru tujisemee" haikuwepo.

Ndani_ya_Bukavu

Samahani niingilie nikiwa Bukavu. Hii hadithi ni tamu ila munaimaliza pabaya. Hong Kong walikufa? Hawakufa. Walitajirika wakawapita waliowafungia. Yule katibu wao wa fedha, Cowperthwaite, 1961 mpaka 1971, hata hakutaka kulipiza kisasi, alikataa kuweka ushuru juu ya mali ya mutu, bandari ikabaki wazi. Na ile kota munayoililia njo iliwasukuma kupanda juu. Kota inahesabu vipande ao mita, haihesabu bei. Kama umeruhusiwa mashati kiasi fulani tu, utaacha kushona shati ya bei ya chini, utashona ya bei kali. Kota zenyewe ziligeuka mali, mwenye nayo aliweza kumuachia mwingine kwa pesa. Kuna watu waliishi kwa kuuza kota tu bila kushika sindano.

Kwa hiyo pengine kuachwa inje kuliwafundisha kujisemea.

Mzee_Likasi

Kujisemea ni kweli, lakini usiruke miaka. Ulaya ilipoingiza Waingereza, ushuru wao ukalinganishwa hatua kwa hatua mpaka 1977, na mwaka huo huo Ulaya ikakaza kota za nguo juu ya Hong Kong kuliko mbele. Walioketi kwenye ile meza wakati huo walikuwa maofisa wa Hong Kong wenyewe, London ikiwa imeisha kuwa mwanachama wa upande wa pili! Fikiri: mutawala wako ameketi kwenye kiti cha wale unaobishana nao. 1986 njo wakapata kiti chao chenyewe kwenye GATT, yale mapatano ya biashara ya dunia, 1995 wakawa kati ya waanzilishi wa WTO iliyochukua nafasi yake. Toka 1961 mpaka 1986 ni miaka 25, bwana Bukavu. Mushonaji aliyefukuzwa kazi 1972 hakula WTO.

Ndani_ya_Bukavu

Hapo mzee umenishika. Ila nabaki na neno langu, wangepewa kila kitu kama Yaoundé wangebaki wanauza nini? Sisi tulipewa mulango, tumetoka nao na kiwanda gani? Filtisaf iko wapi leo?

Kamalondo_Boy

Aiii 🔥 hiyo imeingia

Yaya_Bitenge

Sasa mimi niseme yangu. Agosti 2024 munakumbuka? Kinshasa ilikataza vinywaji vya kutoka inje, jus na bia, ili kulinda viwanda vya ndani. Sawa, kulinda ni kuzuri. Pale Kasumbalesa watu wakaandamana, Zambia ikafunga mpaka, Kasumbalesa, Mokambo, Sakania, yote. Mi sina hata chupa moja ya jus, niko na bitenge ndani ya gari lililobeba mali ya watu kumi, mabalo yamefungwa na kamba ya njano na jina langu kwa marker, yanalala upande ule na mimi niko upande huu nayaona. Unga ya Zambia haiingii, jirani anakuja kuuliza kama niko nayo ya kuazima. Walifungua haraka, ni kweli. Lakini aliyeandika ile barua kule Kinshasa hakula bukari ya Zambia siku ile.

Kwa hiyo Kaka, unataka kusema Katanga njo Hong Kong ya Kinshasa?

Mzee_Likasi

Hapana. Hiyo usiilete hapa. Sisi wengine tunakumbuka wazazi wetu walivyohadithia kujitenga kwa Katanga 1960 mpaka 1963, maneno ya namna hiyo yalianza hivyo hivyo na biashara. Katanga siyo koloni ya mutu.

Deklara_Lshi

Mzee niko na weye, sikusema koloni. Hong Kong hawakuwa na mbunge hata mumoja kule London. Sisi tuko nao Kinshasa.

Kamalondo_Boy

Beko, ila wamesinzia 😂😂

Deklara_Lshi

Aya sasa. Ninachosema ni kidogo kuliko hicho: nchi moja inaweza kuwa na biashara mbili zenye kupingana, na anayeongea kwenye meza atachukua ile inayomuuma yeye. Kongo tuko kwenye jumuiya nyingi za biashara: tuko SADC, tuko COMESA, tuko ile ya Afrika ya Kati, na Aprili 8, 2022 rais akasaini EAC Nairobi. Goma na Bukavu mali yao inatoka Mombasa na Kampala, EAC kwao ni chakula cha mezani. Sisi mali yetu inapita Zambia, na Zambia haiko EAC. Siku tutavaa ushuru wa pamoja wa EAC kabisa kabisa, mali ya Afrika Kusini inayopita Kasumbalesa itahesabiwaje? Nani kati ya wale wanaoenda Arusha, makao ya EAC, amewahi kusimama kwenye ile foleni ya malori?

Kariakoo_Mzigoni

Wakuu habari, mimi niko Dar nawasoma kimya tangu juzi. Nawauzia wateja wengi wa Lubumbashi kwa hiyo nina maslahi, niseme wazi.

Kwanza hata ndani ya EAC yetu kisa cha Hong Kong kimetokea kwa namna yake. Ule mkataba wa biashara wa EPA na Ulaya, Kenya na Rwanda walisaini Septemba 2016, Tanzania tukagoma, tukasema viwanda vyetu vitakufa. Kenya yeye sio nchi maskini kabisa kwa orodha ya UN, asiposaini maua yake yanalipa ushuru Ulaya, sisi ambao tuko kwenye hiyo orodha tunaingia bure hata bila kusaini. Ikakwama miaka. Mwishowe Kenya akasaini peke yake Desemba 2023, ukaanza kufanya kazi Julai 2024. Yaani ukiwa ndani ya jumuiya mwenzako anaweza kukuchelewesha bila hata kukuonea, yeye haumwi tu.

Pili dada wa vitenge, hii ni yako. Ushuru wa pamoja wa EAC tangu Julai 2022 kiwango cha juu ni 35%, na nguo ziko humo. Lakini juu ya hapo kuna orodha ya mali nyeti, na humo kitenge kimetajwa kwa jina lake, pamoja na kanga na kikoi, na kwenye kitabu kimekuwa kikisimama 50%. Kinalinda viwanda vya huku. Mkija kuutumia wote kama ulivyo, mzigo wa China unaoshuka bandarini kwa ajili yako utapigwa hiyo.

Yaya_Bitenge

HAMSINI??

Yaya_Bitenge

Ngoja kwanza. Kiwanda gani kinalindwa Lubumbashi? Hapa hakuna anayechapisha kitenge hata kimoja. Nitalipa 50% ili kiwanda cha Dar kiuze?

Kariakoo_Mzigoni

Ndiyo hivyo dada 😅 ila mimi sijatunga.

Ndani_ya_Bukavu

Ao ufungue kiwanda.

Yaya_Bitenge

Na umeme wa nani, kaka? Wako?

Deklara_Lshi

Msigombane. Yaya, kuna njia. Kila mwaka nchi za EAC zinaruhusiwa kuomba zisitumie kiwango fulani juu ya mali fulani kwa mwaka mmoja. Mawaziri wa fedha wanakaa mbele ya bajeti, mwezi wa tano hivi, na orodha inatoka kwenye gazeti la jumuiya mwisho wa Juni. Fungua lile gazeti utaona Uganda imeomba hiki, Kenya kile, Rwanda kile, kurasa na kurasa. Hakuna anayeona haya. Kwa hiyo swali siyo kama 50% ni mbaya, swali ni kama katika zile kurasa za Kongo, siku zitakapokuwepo, kitenge kitaandikwa, ao wataandika kitu cha mutu mwingine.

Yaya_Bitenge

Barua inaandikiwa nani sasa? Mi niko na bamama kama ishirini pale soko ya Kenya, hapa Lubumbashi, wanaweza kuweka sahihi.

Mzee_Likasi

Mupitie FEC (shirikisho la wenye biashara) ya hapa kwanza, na kopi muipeleke wizara ya biashara ya inje Kinshasa. Wabunge wa hapa nao muwape yao mkononi, siyo kwa WhatsApp.

Deklara_Lshi

Na usiandike "bitenge" tu, Yaya. Weka namba ya tarifu (namba ya mali kwenye kitabu cha ushuru), kitambaa cha pamba kilichochapwa kiko kwenye 52.08, weka na mpaka unaopitishia, weka umelipa nini mwaka huu kwa kila balo na ile kitansi (risiti) ya duane uiambatanishe. Bila namba hawafungui bahasha. Nitumie kwa inbox kwanza niipitie, kesho saa nne sina gari.

Kamalondo_Boy

Na mi niweke sahihi? Sina bitenge lakini mama yangu ananunuaka

Yaya_Bitenge

Weye leta mama.